Alama kwenye Paji la Sajini Kosiya

Mchungaji wetu, maafande mliotoka kambini, wazee wa ukoo, jirani zetu wa Bwera, na ninyi mliovuka mpaka kuja kulia pamoja nasi, poleni sana. Mimi ni Benon Baluku, tumeachiana ziwa na marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu kaka yangu aliishi na watu wa kila kabila, na alisema hataki mgeni asimame kwenye kaburi lake akimuuliza jirani, "Wanasema nini?"

Sajini Kosiya Mumbere alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa Bwesumbu, katika nyumba iliyokuwa pale penye migomba, akiwa mzaliwa wa kwanza wa marehemu mzee Yonasani na marehemu mama Eseri. Alisoma shule ya msingi hapa mlimani kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, akafaulu kuendelea Kasese, lakini baba alisema mwana wa kwanza abaki na kahawa, naye akabaki. Kwa kusoma alituzidi sisi wote, na barua nyingi za kijiji hiki ni yeye aliyeziandika.

Tarehe 2 Februari 1990 alijiunga na jeshi, akatumikia miaka kumi na minane katika kambi za kaskazini na za huku kwetu, akapanda hadi cheo cha sajini, na afande Semakula, aliyelala naye handaki moja na ambaye amesimama pale na kofia mkononi, ni shahidi kwamba hakuwahi kukimbia wala kupigwa risasi hata moja. Shikeni neno hilo la risasi, nitalirudia.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa kanisani Bwera na Tabisa Masika, aliyekuwa akiuza samaki na chumvi sokoni, ndiye huyu aliyekaa kwenye kiti cha mbao mbele yenu. Mungu akawapa Shallon mwaka 2000, Sylivia mwaka 2003, na Desire tarehe 5 Aprili 2008. Wasichana watatu, na sisi wanaume wa mlimani hatukuchoka kumuuliza mtoto wa kiume yuko wapi.

Hapa ndipo karatasi yangu ilipokatwa. Jana wazee waliisoma, wakapitisha kalamu juu ya miaka sita, wakaniambia niruke kutoka 2008 hadi 2014, ili tumzike askari kwa heshima. Wazee wangu, nisameheni, siruki.

Tarehe 9 Julai 2008 Tabisa alikuwa akishuka na kuni, mvua imenyesha, akateleza, akaanguka na mzigo wake, uti wa mgongo ukaumia na miguu ikakataa kumbeba. Desire alikuwa na miezi mitatu. Kaka aliomba kuachishwa kazi, akaruhusiwa tarehe 1 Septemba, akapanda mlima huu na sanduku lake la chuma, na kesho yake asubuhi tukamwona kwenye njia ya maji, mtoto amefungwa kwa kitenge kifuani, dumu limekaa mgongoni, na mkanda wa katani unaolishikilia dumu umekazwa kwenye paji la uso wake, ule mkanda ambao hapa kwetu huvaliwa na wanawake peke yao, maana mwanamume hubeba begani au habebi kabisa.

Jamani, tulicheka! Wanunuzi wa kahawa kutoka ng'ambo ya mpaka wakauliza, "Huyu mutu iko bwana ao iko bibi?" na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, ndiye niliyewajibu kwamba tulipeleka mwanamume jeshini, wameturudishia mke. Yeye alitusalimia mmoja mmoja kwa majina, akapita, akaenda kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo, akafua nepi, akamgeuza Tabisa kitandani, na kila Jumamosi akakaa mlangoni kuwasuka binti zake, mistari imenyooka kama gwaride. Tulimsema hadi tukachoka, yeye hakuchoka.

Tarehe 22 Machi 2009 chama chetu cha machela, kile kinachobeba wagonjwa kutoka huku juu hadi barabara ya magari, kilikutana mimi nikiwa mwenyekiti, kikaamua kwamba machela ni kazi ya wanaume na kwamba Kosiya hahesabiwi tena humo. Kanuni yetu ilikuwa fupi, asiyebeba habebewi. Niliandika uamuzi ule kwa mkono huu unaoshika karatasi.

Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo Tabisa alishikwa na homa iliyotokana na vidonda vya mgongoni, akawa hatambui watoto wake, na saa tatu asubuhi kaka akaja kwangu kuomba machela. Machela yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta, anaiona. Nikamwambia chama kina kanuni. Hakubishana, alisema tu, "Haya Baluku, bakia salama," akageuka.

Alimketisha mke wake kwenye kiti hikihiki, akamfunga kwa shuka, akakipachika kiti mgongoni, akavuta mkanda kwenye paji, akashuka mvua ikinyesha. Shallon wa miaka tisa alimbeba Desire, na Sylivia wa miaka sita alitangulia kuonyesha mawe yanayoteleza. Mwendo wa saa tano nzima, kwa njia ambayo sisi wanaume wanane tunapokezana kila kona na bado tunalalamika! Mimi niliwafuata kwa mbali, nikijificha kwenye migomba, na mpaka leo sijui nilifuata nini, maana sikunyoosha mkono. Nilimwona kijitoni akivuka kwa magoti ili asimtikise. Nimewaona wanaume wenye bunduki, na wenye ng'ombe wengi, na wenye sauti nene, lakini siku ile kaka yangu alinitisha, nikavua kofia mvuani bila kujijua. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule uzito wake niliuona kwa macho yangu.

Madaktari wa Kasese walisema angechelewa hadi jioni angempoteza. Januari 2010 walirudi mlimani, akaendelea na mkanda wake hadi mwaka 2014, walipohamia Bwera, akafungua hoteli ndogo ya bundu na sombe ya majani ya muhogo, ambayo wengi wenu mmekula na kulamba vidole. Leo Shallon ni mwalimu, Sylivia ni muuguzi, Desire yuko sekondari, na Tabisa anakwenda hatua chache kwa magongo.

Sasa ile risasi. Mwaka 2012, tulipomzika baba, mgeni mmoja aliuliza kuhusu ule mfereji kwenye paji la kaka, nami kwa aibu nikasema ni risasi ya porini. Kaka alinisikia, akanitazama, akaenda kupokea wageni. Uongo ukaota mizizi, na jana vijana waliupigia saluti mbele ya jeneza. Afande Semakula akanivuta kando, akasema, "Baluku, huyu tulikuwa naye siku zote, hiyo risasi ilimpata wapi?" Leo nakujibu mbele ya wote. Ni mkanda, afande. Ni maji, ni kuni, ni mke wake. Na ninyi mama zetu mlijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu mnayo alama hiyohiyo chini ya vitambaa vyenu, mkatuacha wanaume tusimulie vita.

Mwezi Mei 2024 kaka alianza kuumwa tumbo, ikaonekana ni uvimbe kwenye ini, akatibiwa Bwera na Kasese, hadi Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipofariki, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Wiki ya mwisho hakuulizia jeneza wala chakula cha wageni. Aliuliza jambo moja, kaburi litakuwa juu kule penye kahawa, Tabisa hawezi kupanda, nani atamfikisha? Tukamjibu kwamba machela ni moja na itabeba jeneza, mjane atabaki hapa uani atusikie tukiimba. Jioni aliniita peke yangu, akanipa ule mkanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji, jirani zetu wa Bwera walioacha kazi zao, maafande mliokuja na mahema na nidhamu yenu, na mama zetu mlioamka kupika. Tunaomba radhi kwa yeyote ambaye hatukumtaja.

Wenye machela, inueni jeneza, tangulieni. Nina miaka hamsini na miwili, sijui kama shingo yangu itakubali, na anayetaka kucheka acheke, mimi nilicheka kabla yenu. Shallon, nifungie mkanda. Shemeji Tabisa, nisamehe, kaa vizuri kwenye kiti, tunapanda.

Kaka Kosiya, mzigo huu uliobaki ninao mimi. Wewe tua, upumzike kwa amani.