Nilitangaza Kupona Kabla ya Wakati

To! To! To! Ndugu zangu, Mungu wetu atukuzwe, maana mateso yangu yalianza na sauti hiyo. Nilikuwa chumbani mwangu hapa Nyanchwa nikisahihisha tasnifu ya uzamili, chai ikadondoka juu ya karatasi. Nikakichunguza kikombe, hakikuvuja. Chai ilikuwa ikinitoka mdomoni, upande wa kushoto, nami sihisi lolote!

Daktari mjini Kisii alisema ni sarkoidosisi: kinga ya mwili hujikusanya pasipo adui, ikafanya vivimbe vidogo. Vyangu vilikuwa mapafuni na kwenye neva za uso. Akanipa vidonge, akaonya, "Usiviache ghafla, hata ukijisikia mzima." Niliyaandika maneno hayo, nikayapigia mstari.

Majuma matatu baadaye uso ukanyooka. Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa nikatangaza kwamba nimepona kabisa! Mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Nyansiongo, alilia kwa furaha. Aliporudi nyumbani alichinja kuku wa shukrani, akawaita majirani.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilijiuliza: aliyepona kabisa anameza dawa ya nini? Nikimeza, je, sijamsingizia Mungu? Hoja hiyo niliipima siku nne kana kwamba ni sura ya tasnifu, kisha nikaviacha vidonge. Kumbe jina nililokuwa nikililinda lilikuwa langu mwenyewe.

Haikupita muda miguu ikafa ganzi, macho yakaona kila kitu mara mbili. Nikajifungia ndani. Siku tano, ndugu zangu! Waumini wenzangu walipobisha hodi, nilijibu kwamba ninasoma. Najutia siku hizo hata leo: mguu wa kushoto ungali mzito, na daktari hajaniahidi kwamba utarudi ulivyokuwa.

Basi nashuhudia upya, kwa uangalifu zaidi. Ugonjwa ninao, na vidonge nameza kila asubuhi. Bwana amenitoa katika aibu. Wewe uliyeficha dawa chini ya godoro ili usionekane huna imani, mtumaini Yeye, uimeze peupe!

Siku ya sita ya kujifungia kule, nilimpigia Mama simu.

"Mama, sijapona. Niliacha dawa. Kusimama siwezi."



"Na kuku nilishachinja," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Kuku ameliwa, mwanangu, huyo harudi. Wewe ndiye utakayerudi kwa daktari. Fungua huo mlango, nakuja."