Auleria na Mwaka Aliompotezea Nana

Ndugu waombolezaji, Auleria Naftali alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 hapa Kanyigo, mkoani Kagera, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Naftali na Mama Anna. Anayewasomea ni mimi mdogo wake, Severina, niliyeishi naye Dubai. Wasifu huu aliuagiza mwenyewe akiwa hospitalini: "Msinipambe kama keki. Na la Nana mliseme."

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha nne Bukoba mwaka 1998, kisha akachukua cheti cha hoteli Mwanza. Darasani hakuwa wa kwanza, lakini kwa kubishana na walimu hakuwa na mpinzani.

Mwaka 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu Zephania, na Agosti 2008 wakajaliwa binti, Nana. Zephania alitangulia Dubai kwa kazi ya ulinzi, akapanda hadi msimamizi kwenye jengo moja la Dubai Marina. Mwaka 2012 mama na mtoto wakamfuata. Dada akapata kazi ya kutunza vyumba katika hoteli ya Al Barsha, ambako wageni aliwasalimia kwa Kiswahili mpaka wakazoea kuitikia.

Mwaka 2014 Nana alianza darasa la kwanza. Mtoto hakutulia kitini. Mwezi Novemba mwalimu aliwaita wazazi, akashauri binti apelekwe kwa daktari bingwa apimwe, maana akili yake haikutulia kwenye somo. Dada aliitikia, kisha hakwenda. Sisi wa ughaibuni hupimwa afya kwa ajili ya viza, na tumeona watu wakirudishwa nyumbani kwa majibu ya vipimo. Akaogopa kwamba jina la Nana likiandikwa hospitali, kafeel wa mumewe, yaani mdhamini wake, atasikia, na familia nzima itafungishwa virago.

Mwenzake wa kazini akamwelekeza kliniki ya Kichina, mtaa wa Oud Metha, wanakokanda watoto wasiotulia. Niliwasindikiza, na pale mapokezi tulikuta wazazi wa kila taifa, kila mmoja kamshika wake mkono asikimbie. Mkandaji, mama wa makamo, alimfundisha dada kusugua ukingo wa kidole gumba cha mtoto na kuvuta ngozi kidogo kidogo kufuata uti wa mgongo. Dada akabonyeza kama anavyokandwa mzazi kwa maji ya moto. Nana akapiga yowe.

"Shwaya, shwaya, madam!" yule mama akamwambia. Polepole. "Huyu mtoto, si chapati."

Alijifunza. Kila asubuhi kabla ya basi la shule alimkanda, na Nana alitulia kweli, akacheka, akanywa chai yake yote. Utulivu huo ulimfurahisha dada, na ndio uliomponza. Zephania alimsihi, "Mama Nana, twende na kwa daktari." Akajibiwa, "Inshallah, kukanda kutatosha."

Hakukutosha. Septemba 2015 Nana alirudishwa darasa la kwanza. Wenzake walipanda, yeye akabaki mlangoni akiwapungia mkono. Wiki hiyohiyo dada akaenda kwa daktari. Hakuchekwa kwa kukanda kwake. Aliambiwa aendelee kumkanda kama kunamliwaza mtoto, ila Nana alihitaji pia mafunzo maalum na mwalimu wa kumsaidia. Kuhusu viza daktari alishangaa: "Nani alikuambia hivyo, mama?" Hakuna aliyemwambia. Ni hofu yake tu.

Januari 2018 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika saratani ya kongosho. Alifariki Dubai tarehe 9 Mei 2018. Siku chache kabla, Nana alimsomea ukurasa mzima wa hadithi, huku akizunguka kitanda. Dada alicheka, kisha akalia. "Angekuwa mbali sasa, Seve. Niliogopa karatasi, nikampotezea mtoto mwaka." Tulimbembeleza, hakubembelezeka. Inatuuma kwamba aliondoka na jambo hilo moyoni.

Ameacha mama yake mzazi, mume, ndugu, na binti yake Nana, mwenye miaka tisa, darasa la tatu. Mtu akiuliza kwa nini binti huyu yuko nyuma ya wenzake, mjibuni kama marehemu alivyoagiza: "Mwaka ule ni wangu mimi mama yake. Mtoto asidaiwe."

Bwana ampokee dada yetu, ampe pumziko la amani.