Mikono Inayogeuza Omena

"Huyu samaki anavuliwa wapi?"

Mwalimu wa sanaa aliniuliza hivyo nikiwa kidato cha nne, mbele ya darasa zima. Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Karungu, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mama yangu huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Lakini katika kazi yangu ya mtihani nilikuwa nimechora samaki mwenye milia ya manjano, niliyemnakili kutoka kalenda ya ukutani mwa darasa.

"Anavuliwa mwezi wa Machi," mwanafunzi mmoja akasema kutoka nyuma. Wakacheka.

Mwalimu akafungua jalada langu lote. Kurasa zilikuwa safi, na zote za kunakili. Akasema hatatia sahihi kwamba ni kazi yangu. Bila sahihi hiyo singepata alama za sanaa, na kozi ya usanifu niliyoitamani chuoni ingenipita. Mnavyonijua, nilibisha: kwani kunakili vizuri si ustadi?

"Ni ustadi. Wa aliyepiga picha," akajibu. Akanipa muda hadi mwisho wa likizo fupi nilete michoro ya kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Nyumbani nikamwomba mama akae nimchore mikono.

"Nyathina," akaniambia, "mtoto wangu, omena haijigeuzi. Ukitaka kunichora, nifuate."

Nikamfuata kwenye nyavu zilizotandazwa ufuoni. Kila nilipoanza kuchora kidole, mkono ulikuwa umeshahama. Siku ya kwanza nilirarua karatasi, nikalia kwa hasira. Siku ya tatu niliacha kifutio nyumbani. Nikachora mwendo tu: bega, kiwiko, kiganja. Mistari mitatu, ukurasa mwingine.

"Daktari wa omena," majirani walinitania, "mgonjwa anaendeleaje?"

Nilirudi shuleni na kurasa chafu zenye magamba. Mwalimu akazipitia hadi ya mwisho. Akatoa kalamu, akatia sahihi.

Namshukuru kwa kunikatalia. Namshukuru mama. Ninyi wenye mtihani, msitupe michoro yenu mibaya. Ndiyo inayoonyesha mlikuwepo. Kama Mungu alihusika, sijui. Mnaojua mtanieleza baada ya ibada.

Mwaka jana jirani aliniambia jambo ambalo mama hajawahi kulitaja. Wiki ile niliyomchora, jua lilikuwa kali. Kila siku, kufikia saa saba, omena walikuwa wamekauka, tayari kutiwa magunia. Mama aliendelea kuwageuza hadi jioni, nilipofunga daftari.