Fundi Aliyeng'oa Bawaba

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, fundi seremala wa shule yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Nimechaguliwa kuandika kwa niaba ya wanafunzi, na naahidi kusema yote, hata yale aliyonikataza.

Sisi humwita Babu Randa. Madawati, fremu za madirisha, hata mguu wa kiti cha mwalimu mkuu, vyote vimepita mikononi mwake. Akikukuta umechonga jina lako juu ya dawati, hakuchapi. Anakupa msasa na kusema, "Haya, bwana mchongaji, futa kazi yako." Wengi wetu tuliujua msasa kabla ya jedwali la kuzidisha.

Kisha ukaja ukame ule mrefu. Mifugo ikafa, visima vikakauka, na familia za wafugaji zikaanza kuhamia mtaa huu; yetu ilikuwa mojawapo. Kila mtu, mama yangu akiwemo, alisema mvua ikinyesha tutarudi. Basi Babu Randa akatutengenezea sisi watoto wageni benchi za kukunja, zenye bawaba, ili siku tukiondoka ziwekwe stoo. Zilikuwa nyepesi, lakini zilitubana vidole, na wenyeji wakatuita Wakunjwa.

Mvua ilinyesha. Ilikuja kwa hasira, ikazoa hata udongo uliokuwa umebaki kwenye malisho yetu, na hakuna aliyerudi. Asubuhi moja Babu Randa aliingia darasani na bisibisi, akang'oa bawaba zote, akakaza miguu ya benchi kwa skrubu ndefu. Mwalimu wa hesabu alimuuliza kama somo lisubiri.

"Endelea tu, mwalimu. Hawa hawaendi popote, nami nimechelewa kuliona."

Siku hiyo niliacha kupakata mkoba wangu darasani kama msafiri.

Sasa ni zamu yake. Shamba alilojiwekea kwa ajili ya uzee lilikuwa kando ya mto, na mafuriko ya mwaka jana yalilimeza pamoja na msingi wa nyumba. Tukimuuliza ataishi wapi, hutania kwamba samaki wamemtunzia chumba. Mwanzoni tulicheka.

Babu, asante kwa kila ubao. Tunakuombea uzee wenye afya na usingizi mnono. Wazazi wameshakipaka rangi chumba kilicho nyuma ya karakana, na mwalimu mkuu ameridhia. Tafadhali tujibu leo hii, kabla ya kengele ya mwisho: kitanda chako tukiweke dirishani au karibu na mlango?