Vifungo Vyeusi Navyo Vihesabiwe

Sogeeni wanangu, na wewe kitinda mimba acha kuning'inia mlangoni kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, maana leo nasema mara moja na sirudii, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushona hata pindo la shati. Msilie. Mimi mwenyewe silii. Ganzi iliyoanzia miguuni juzi imekwisha panda hadi moyoni, na mambo haya nayatazama kama nguo ya mtu mwingine niliyoletewa kupunguza.

Jana mliketi sebuleni mkaiamulia nyumba hii na chumba chake cha cherehani kwa njia yangu, ile mliyoiona nikiwasuluhisha nayo mafundi tangu mkitambaa: vikombe vitatu, cha kuuza, cha kupangisha na cha kubaki; kila mtu vifungo kumi vyeupe aweke anapopataka, na kumi vyeusi aweke pale asipoweza kupavumilia; kisha katika kila kikombe vyeusi vinatolewa katika vyeupe. Mkanijia mbio, "Mama, tumepata, tunauza!" na wewe kifungua mimba ukacheka hadi magego yakaonekana. Mimi sikuwa nimekubali.

Njia hiyo niliibuni mimi, mwanamke wa darasa la nne, kwa kuwa niliona watu wakigombana anashinda mwenye koo, na mnyonge anabaki kununa. Kifungo hakina koo. Hata yule fundi mwenzetu tuliyemwita Bibi Pasi, ambaye mdomo wake ulichoma kuliko pasi yenyewe, akiviona vikombe alifyata ulimi. Lakini siku moja nilihesabu vibaya, tena kwa makusudi, na hilo ndilo nililowaitia.

Tulikuwa mafundi watano na dirisha moja, na kila mtu alitaka kushonea pale penye mwanga. Nikapanga vikombe: tukae kwa zamu, akae mkubwa wa umri, au akae mwenye kasi kuliko wote. Kikombe cha kasi kilipata vyeupe ishirini na vinne, cha zamu ishirini, cha umri hakikufika popote. Ila cha kasi kilikuwa na vyeusi kumi na vitano, na kumi kati ya hivyo vilikuwa vya dada yangu, Mama Mkubwa wenu huyu aliye chumba cha nyuma. Cha zamu kilikuwa na vyeusi vinne tu. Toeni wenyewe: tisa kwa kumi na sita. Zamu ilishinda. Mimi nikasoma vyeupe peke yake, nikatangaza kasi, na mwenye kasi kuliko wote, wanangu, nilikuwa mimi.

Dada akauliza, "Mdogo wangu, umehesabu vyote?" Nikamjibu, "Dada, kununa hakuhesabiwi." Wakacheka. Nikahamia dirishani, nikawa najua nani kaachwa, nani karudiwa, na mke wa mwokaji anapita na mwavuli wa nani. Na ili watu wasimsikilize dada, nikapenyeza kwamba analilia dirisha kwa ajili ya fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Kumbe dada alikuwa ameanza kutoona uzi, akaona haya kusema. Daktari alisema macho yale yangekwisha hata angeketi juani, sawa. Lakini miaka minne ya mwisho ya kuona kwake aliitumia kutazama ukuta wa kona.

Nimekaa naye nyumba moja tangu hapo, nikampa chumba, chakula na kila kitu isipokuwa neno hili. Na jana nanyi mkaamua bila yeye. Watu wanne wataguswa na nyumba hii, mkahesabu watatu! Mtoto wa nyoka ni nyoka, hamkujifunza kwingine.

Kwa hiyo matokeo ya jana nayafuta. Rudieni. Mpeni vyake kumi na kumi. Vyeupe vina matundu manne, vyeusi mawili, kidole chake kitamwambia. Mwonyesheni vikombe kwa mkono, kisha mkono wake muuachie. Mimi ningependa abaki. Lakini akiweka vyeusi vyote katika kubaki, kwamba hawezi tena kulala chini ya paa langu, vitoeni kimoja kimoja kwa sauti, kifungua mimba uhesabu wewe, wala asitokee mtu wa kusema mzee amenuna.

Cherehani ya zamani ni ya binti yangu wa kati. Mkasi mkubwa ni wa kitinda mimba, na usikate nao karatasi. Kifungua mimba, vifungo na vikombe ni vyako, kwa sababu wewe ndiye unayefanana nami. Mkinizika msinisifu sana, majirani watacheka.

Radhi zangu mnazo, nyote sawasawa. Mungu awape riziki na... na masikio. Nipeni maji. Basi, yatosha.

Niliyosema nyinyi mmeyasikia, yeye bado. Mwiteni dada yangu, nimwambie mwenyewe... upesi. Akikataa kuja... msimvute. Hilo nalo... lihesabiwe.