Crisanta Dimaandal Villaruz: Mzigo Husikiliza Sauti Moja

Crisanta, ambaye mafundi wote wa jiji la Caloocan walimwita Mama Santa, alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1958 mjini Lemery, mkoa wa Batangas. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Anselmo Dimaandal na mama Felicidad. Kalenda ya kanisa siku hiyo ilimkumbuka Mtakatifu Krisanto, na mzee Anselmo hakuwa mtu wa kubishana na kalenda.

Alisoma katika shule ya parokia hapohapo Lemery. Masista walimweka mstari wa mbele kila siku ya kughani mashairi. Hakuwa hodari wa kukariri, lakini sauti yake ilifika hadi soko la samaki, na wazazi waliokuwa huko wakakosa kisingizio. Masomo ya sekondari aliyaacha kidato cha tatu, mwaka 1975, mama yake alipofariki. Alikuja Caloocan kwa shangazi, akiwa na mdogo wake Teofilo, ambaye alimlea kwa mkono mmoja huku wa pili ukikoroga supu mgahawani.

Katika mgahawa huo alifika Leoncio Villaruz, kijana wa kuhamisha mashine nzito, akanywa supu ya ukwaju mara tatu katika siku moja. Aliporudi mara ya nne, Santa alimuuliza, "Kaka, unaumwa?"

"Kidogo."

"Basi nenda hospitali. Hapa tunauza supu."

Walifunga ndoa tarehe 9 Februari 1980, wakajaliwa watoto wawili.

Kuingiza mashine ya kukereza vyuma ya tani mbili katika karakana ambayo mlango wake uliwekwa kwa ajili ya baiskeli si kazi ya misuli, ingawa kwa miaka mingi wanaume waliifanya hivyo. Walikuwa na mitaimbo, jeki, vipande vya bomba vya kuviringishia, na kila mmoja alikuwa na maoni. Ijumaa ya tarehe 11 Machi 1988 mashine moja iliinamia upande kizingitini. Mmoja akasema, "Vuta." Leoncio, kutoka upande wa pili, akasema, "Sukuma." Teofilo, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na minne, akaweka bega ili isianguke. Dada yake alikuwa amesimama hapo na sufuria ya wali.

Jambo hili halijawahi kuwa siri katika familia, na marehemu aliagiza lisomwe leo.

Kwenye matanga ya Teofilo watu walinong'ona kwamba kosa lilikuwa la kutochinja kuku, kwa kuwa mashine isiyonyweshwa damu ya kuku hujitafutia ya mtu. Santa aliwasikia. "Hata mngechinja kumi," alisema, "ingesikia sauti mbili zilezile." Leoncio alitaka kuuza vifaa vyote. Mkewe alimwambia, "Hutauza. Wewe utanyanyua, mimi nitasema." Tangu siku ile Leoncio hakutoa amri tena juu ya mzigo wowote, hata wa kabati la nguo.

Santa alisema kwa miaka thelathini. Kwake sauti ilikuwa moja, ila neno "simama" lilikuwa mali ya kila mtu, hata mpita njia. Mashine ilipanda unene wa ubao mmoja, ubao ukawekwa chini yake, ndipo ikapanda tena. Kamba zilifungwa kwenye mwili wa mashine, kamwe si kwenye mihimili yake inayozunguka. Na ikiinama, kila mtu aruke nyuma. "Iacheni ianguke," alikuwa akisema. "Chuma kina spea." Mashine zilianguka mara mbili. Watu walirudi makwao na vidole vyote, neema ambayo wengi hawaikumbuki wakati wa sala.

Kabla ya kazi aliigonga sakafu kwa spana na kusikiliza. Mwenye karakana mmoja wa Malabon aliapa kwamba yake ni imara.

"Hapa chini kuna nini, kaka?"

"Hakuna kitu, mama."

"Huyu hakuna kitu ana tumbo kubwa."

Walipofukua walikuta shimo la choo. Mashine ilipitia upande mwingine, na kuku akachinjwa kama ilivyo desturi. Mama Santa hakuiamini desturi hiyo, lakini hakuona sababu ya kumnyima kuku siki na kitunguu saumu.

Mwezi Aprili 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, na madaktari wakaiondoa sauti pamoja na uvimbe. Wengi tulidhani kazi imekwisha. Alirudi kabla ya Krismasi, kipande cha bomba kikining'inia shingoni kwa kamba, spana mkononi. Pigo moja, simama. Mawili, nyanyua. Matatu, shusha. "Afadhali," kijana mmoja alisema, "sasa hatatutukana." Aligongwa kofia yake ya kazi mapigo ambayo hayakuwa kwenye orodha.

Ugonjwa ulirudi mwezi Februari mwaka huu. Mchana wa tarehe 2 Juni, akiwa hospitalini, aligonga chuma cha kitanda kwa pete yake ya ndoa, mara tatu. Leoncio alikuwa ameushika mkono wake wa pili. Muuguzi akauliza, "Mama anataka nini, mzee?" Leoncio akajibu kwamba hajui, masikio yake yaliharibiwa na nyundo zamani.

Masikio ya Leoncio ni mazima.

Santa alimtazama. Kisha akagonga tena, polepole zaidi, kama alivyomgongea mtu mgeni kazini. Alifariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023.

Ameacha mume, Leoncio, binti, Rosalinda, mwana, Teofilo, mwenye jina la mjomba, wajukuu watatu, na wanaume sita wa mitaimbo, ambao wameomba watajwe pamoja na familia.

Wanaume hao ndio watakaomshusha leo. Wachimba kaburi wameelewa, baada ya kuelezwa mara mbili. Kamba haitalegezwa bila ishara, na ishara ni ya mtu mmoja. Watoto wote wawili walijitolea, baba yao akakataa. Bomba liko shingoni mwake tangu Jumamosi ile. Jana alimwambia Rosalinda, "Nikigonga, basi ndiyo nimekubali."

"Ndiyo, baba."

"Na nikishindwa?"

"Tutasimama na wewe hapohapo."

Kwa hiyo tunawaomba uvumilivu, hata jua likiwa kali. Marehemu alifundisha kwamba hakuna mzigo ulioharibika kwa kusubiriwa. Mtasikia pigo la kwanza, na la pili. Mkilisikia la tatu, semeni pamoja nasi: Mama Santa apumzike kwa amani.