Mama Uzi na Vijitabu Mia Tano Vilivyogombana

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba chetu cha kujalidi vitabu, Mama Uzi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Alianza kwa kushona vitabu vya nyimbo za kanisa kwa mkono. Anaondoka akiwa msimamizi wa chumba kizima, na vidole vyake bado ni vyepesi kuliko vya sisi tuliozaliwa yeye akiwa kazini.

Kila siku saa nne asubuhi, chai ikiwa mezani, alikuwa na ugomvi wake mtamu na fundi wa mitambo, ambaye tangu miezi miwili iliyopita ni mume wangu. (Niruhusuni niandike tena: mume wangu!) Mama Uzi alishikilia kwamba Mungu aliwachagua walio wake kabla hajaumba hata jiwe. Fundi alishikilia kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote, mlango uko wazi, anayetaka na aingie. Mama Uzi alimwita "mwanangu wa mlango wazi", akamwuliza, ikiwa mwenye dhambi ni mfu, ni maiti gani huyo anayeamka akaingia mwenyewe? Fundi naye akamwuliza, kama yote yalishapangwa, mbona anakagua kurasa mara tatu? Tulipochumbiana, Mama Uzi alitangaza ushindi: tuliandikiwa. Fundi alilalamika kwamba mwaka mzima wa kunibembeleza haukuwa lelemama.

Mwaka juzi makanisa mawili yalituletea kazi wiki moja: kijitabu kuhusu uteule wa Mungu, na kingine kuhusu uamuzi wa mwanadamu. Vilikuwa na ukubwa mmoja na karatasi ya aina moja. Kurasa zikachanganyika, vikatoka vijitabu mia tano ambavyo nusu ya kwanza ilihubiri uteule na nusu ya pili ikaupinga. Wachungaji wote wawili walikuja juu, ingawa msomaji mmoja aliandika kwamba sasa ndiyo ameelewa. Mama Uzi alimwambia meneja kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika utumishi wake wote, na kwa sababu ya barua hiyo hatapewa cheti cha utumishi usio na doa.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepanga kurasa, macho yakiwa kwa fundi aliyekuwa akijifuta mafuta mikononi, jamani, kwa madaha yale! Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Ningefukuzwa siku ileile. Nilipotaka kwenda kukiri, Mama Uzi alinizuia mlangoni, akasema limekwisha, nipokee tu, tena nifunge mdomo. Mume wangu anasema nilichagua kupokea. Mama Uzi anasema sikuwa na ubavu wa kukataa, maana alishaisaini barua ile. Ninachojua mimi ni kwamba nililia, nikabaki na kazi, na nikampata mume.

Sasa naufungua mdomo. Meneja, tafadhali, kabla ya Ijumaa itoe barua ile kwenye faili lake uiweke kwenye langu. Mama Uzi atanuna, atasema namrudishia zawadi yake. Sirudishi, mama yangu. Nashukuru kwa sauti.

Asante kwa mikono yako na kwa kifua chako kilichobeba yasiyokuwa yako. Sisi wa chumba cha kujalidi, pamoja na fundi ambaye sasa hana wa kubishana naye ila mkewe, tunakuombea pumziko refu, afya tele na siku zenye furaha.